Kengele Iliyofungwa Ulimi

Mlima ulishuka alfajiri ukakaa barabarani
kama ng'ombe asiyesikia honi.
Nyuma yetu mabasi sitini, mahujaji wakitafuna njugu,
na polisi mwenye filimbi iliyopasuka
akisema kesho, labda keshokutwa.

Mama hakusema neno.
Alipakata kengele yake ya shaba,
kilo mbili na robo, tuliyoinunua Kanpur,
kaivisha soksi ya mtoto isije ikalia garini.
Nadhiri ya miaka kumi na mmoja:
siku Niranjan akitoka hospitali kwa miguu yake,
kengele italia Badrinath, kwenye theluji.
Niranjan alitoka. Siku hizi anauza vigae, ana kitambi,
hakupata likizo.

"Mkubwa kafunga mlango," alisema Dabbal Singh, akizima injini,
"ila wadogo zake wako nyumbani. Tukawapigie hodi."

Wa kwanza anakaa chini ya daraja, chumba kama kabati.
Mto umemlamba uso miaka na miaka
hata umebaki mviringo wa tumbo na kitovu.
Watu humpaka rangi nyekundu papo hapo, kitovuni,
kwa kuwa mungu lazima aguswe mahali.

Wa pili, wa kike, yuko katikati ya shamba la viazi.
Amevaa sweta ya shule, beji na yote.
"Huwa anasikia baridi," alieleza mvulana mwenye makamasi,
naye mwenyewe ana shati tu.

Kwa wa tatu ni njia ya mbuzi.
Mama alihesabu hatua mpaka mia sita,
halafu akahesabu pumzi,
halafu akaacha kuhesabu.
Mierezi ilikuwa bado ikidondosha mvua iliyokwisha jana.
Sateshwari alitukuta na mzigo wa majani mgongoni, mundu kiunoni,
ufunguo shingoni pamoja na kijiti cha kuchokolea masikio.
Mumewe ndiye aliyekuwa kuhani. Mwanawe analinda benki Dehradun.
Yeye hana cheo, ana ufunguo.

Mlango ulipofunguka, giza lilinguruma.
Nyuki.
Ukuta mzima wa nyuki nyuma ya mungu,
asali imemchuruzikia begani
ikakauka, ikachuruzika tena.

Mama akaivua kengele soksi.
"Irudishe," Sateshwari alisema upesi.
"Hapa hatupigi kengele hadi baridi ianze. Wana watoto."
"Nadhiri yangu ni mlio," mama alisema. "Si shaba."
Wakatazamana, wanawake wawili wenye magoti mabovu.
Kisha yule akachomoa uzi wa sufu kwenye shali yake,
akaufunga ulimi wa kengele taratibu,
kama afungaye kidonda,
akaitundika.
"Nyuki wakihamia bondeni nitaufungua. Nitapiga mara moja.
Mwanao anaitwa nani?"
Mama akataja jina la Niranjan.
Tulikwisha kuanza kushuka aliporudi mlangoni
akataja na la kwake.

Siku ya tatu barabara ikasafishwa. Badrinath tulifika:
foleni ya saa saba, kisha mkono wa askari mgongoni,
na Bwana mwenyewe kwa muda wa kupepesa jicho.
Mama alimsalimu kwa mikono mitupu.
Niliona aibu kwa niaba yake.
Sasa naionea aibu aibu ile.

Novemba, Kanpur. Mama sakafuni anamenya vitunguu saumu,
Niranjan anagombana na simu juu ya bei ya vigae.
Ghafla mama akainua kisu: nyamazeni.
Tukanyamaza. Friji. Pikipiki ya jirani. Muuza maziwa.
"Kaufungua," alisema,
akaokota punje nyingine.